Kibanio Kwenye Kona ya Kioo

Mwenye mtoto na asikie, hasa mwenye mtoto anayesomea kwenye kompyuta ndani ya nyumba. Haya hayakumpata mzembe. Yalimpata mama aliyekuwa akihesabu pini zake kila anapofunga kazi, asije mtu akakanyaga.

Watu walimwita Mama Marinda kwa sababu ya sketi za shule. Rinda la mkono wake lilikaa mwaka mzima bila kufumuka, na mafundi wenzake walijiuliza anatia nini. Hakuwa akitia kitu. Sketi ikishapigwa pasi, aliilaza chini ya ubao mzito ikiwa bado ina joto, na juu ya ubao akaweka kichwa cha cherehani bovu, chuma kitupu, kizito kama mtoto wa miaka mitatu. Akaiacha hapo mpaka kesho yake.

"Kitu kilichovimba," alipenda kusema, "kipe uzito, kipe muda, kitalala chenyewe."

Maneno hayo aliyasema miaka ishirini, na kwa vitambaa yalikuwa kweli miaka ishirini.

Alikuwa na binti mmoja. Majirani walimwita Daktari, kwa utani, tangu siku alipopata nafasi chuo cha afya. "Daktari, nina kikohozi!" "Daktari, goti hili lichungulie!" Naye anacheka: "Subirini nimalize kwanza, mtaniua kwa wagonjwa kabla sijaajiriwa."

Kumaliza kwenyewe kulibakiza kitu kimoja tu, ripoti ya utafiti. Kwa miezi sita binti huyu alipita nyumba mia na ishirini akiuliza watu wanavyohifadhi maji ya kunywa. Ndoo ina mfuniko? Kata ya kuchotea ina mpini, au mkono unazama majini? Nani ameharisha mwezi huu? Majibu aliyaandika kwenye karatasi mlango kwa mlango, kisha akirudi nyumbani anayaingiza kwenye kompyuta aliyopewa na mjomba wake, kompyuta iliyokwishatumika lakini yenye nguvu. Karatasi zikishaingizwa, anamkabidhi mama yake.

"Mama, hizi upande wa pili ni nyeupe. Zikufae."

Zilimfaa kweli. Fundi cherehani hana karatasi ya kutupa. Mama Marinda alizigundisha mbilimbili, akachora kwa chaki na kuzikatia pateni, zile karatasi za mfano wa kukatia kitambaa: kola, mikono, mifuko, vipande vya mbele. Akazitoboa na kuzitundika kwenye msumari karibu na dirisha la chumba cha mbele.

Kwa hiyo miezi sita ya kugonga milango ilikuwa imekaa mahali pamoja tu, ndani ya ile kompyuta. Ripoti ilitakiwa Ijumaa. Asiyekuwa nayo Ijumaa, hahitimu na wenzake.

Jumatatu asubuhi kioo kikaanza vituko.

Kwanza ilikuja mistari upande wa kushoto, myembamba, ya kijani na ya zambarau, kama nyuzi zilizochomoka kwenye kitambaa. Daktari akaizima na kuiwasha. Mistari ikaondoka, akashukuru, akaandika ukurasa mmoja. Ikarudi na wenzake. Akapunguza mwanga wa kioo, akafunga kila kilichokuwa wazi ndani, akaacha ripoti peke yake. Picha ikatetemeka, ikagawanyika katikati, nusu ya juu ikaenda kulia na nusu ya chini ikabaki. Akampigia simu mwenzake wa chuo, mwenzake akasema ni virusi. Akasafisha virusi saa nzima. Hakuna kilichobadilika.

Mama yake alisimama nyuma yake, sentimita ya kupimia nguo shingoni.

"Hebu kiinamishe kidogo."

"Nini, mama?"

"Hicho kifuniko. Kirudishe nyuma... hapo. Kilete mbele. Unaona? Ukikiacha nusu, kinakaa. Ukikifungua sana, kinaleta mistari."

Ilikuwa hivyo hasa. Mama Marinda akanyoosha mkono, akaibonyeza kona ya chini ya kioo kwa kidole gumba. Mistari yote ikafutika.

"Mama! Usiondoe kidole."

"Nisiondoe mpaka Ijumaa? Sketi za watu atashona nani?"

Wakacheka. Mama akaenda uani akarudi na kibanio cha kuanikia nguo, akakibana pale pale pa kidole, na chini yake akaweka kipande cha kitambaa kisikwaruze. Picha ikatulia kama maji ya mtungi. Siku hiyo kila mteja aliyeingia alioneshwa. "Mafundi wangetuvua nguo," alisema Mama Marinda. "Kibanio kimoja tu!"

Furaha ile ndiyo iliyomponza. Kitu kikipona machoni, nani anainama kuangalia chini?

Na chini kulikuwa na mambo. Kompyuta ilikuwa imeanza kunesa mezani: ukiandika upande huu, upande ule unainuka. Daktari alidhani ni mguu wa meza, akaukunjia karatasi. Pale pa kupapasia kidole palikuwa pagumu, hapabonyezeki tena. Ukiifunga haikufunga sawasawa, ilibaki na mdomo wazi wa kupitisha ukucha. Kila kimoja kilionekana, kila kimoja kikapatiwa sababu yake, wala hakuna aliyeviweka pamoja.

Jumanne jioni hata kibanio kikashindwa. Kioo kikawa cheusi. Ukisogeza taa karibu uliona maandishi kwa mbali, kama mtu aliye nyuma ya pazia, halafu hata hayo yakapotea. Daktari alijaribu kuituma ripoti kwa barua pepe kwa kubahatisha, akibonyeza asichokiona, akakata tamaa asije akaifuta yote kwa mkono wake mwenyewe.

Jumatano asubuhi waliifunga kwenye kanga wakaipeleka kwa fundi.

Fundi huyu aliitwa Miwani, kwa sababu alikuwa na miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, na aliitafuta ya kichwani kila siku. Duka lake lilikuwa na kaunta ya kioo, watu watatu kwenye benchi, na skrini kubwa ukutani. Alisikiliza bila kukatiza. Kisha akachomeka waya kutoka kwenye kompyuta mpaka kwenye skrini kubwa, akaiwasha.

Ripoti ikatokea ukutani, safi, kila herufi mahali pake. Jedwali la nyumba mia na ishirini.

"Alhamdulillahi," alisema mmoja wa kwenye benchi, kama vile ni yake.

"Dada, kazi yako ipo," alisema Miwani. "Huku ukutani ingekuja na mistari vilevile, ningesema ubongo umeguswa. Lakini imekuja safi. Maana yake ugonjwa uko kwenye kioo chenyewe, au kwenye waya unaokipelekea picha, unaopita hapa kwenye bawaba. Ndiyo maana mkikiinamisha kinapata nafuu."

"Nilijua," alisema Mama Marinda.

Miwani akachomoa waya, akaizima kompyuta, akaiweka kwenye kaunta na kuisukuma kwa kidole kimoja. Ikazunguka kama pia. Akainama mpaka jicho likawa usawa wa kaunta. Alipoinuka, uso ulikuwa mwingine.

"Mama, hii imevimba. Betri ya ndani imejaa gesi, imefura. Ndiyo inayosukuma huku juu, na bawaba ikipinda, waya wa kioo unabanwa. Ninyi mlikuwa mnatibu jicho, kumbe linaloumwa ni tumbo. Mnaniachia niifungue, naitoa betri leo leo. Bila betri itafanya kazi kwa umeme wa ukutani. Nipeni saa mbili, hawa wamewatangulia. Kabla ya hapo, naitoa ripoti naiweka kwenye flashi."

Hapo ndipo Mama Marinda alipofunga moyo. Tulikuja na kioo, alijiambia, sasa tunaambiwa na tumbo. Tukikaa kidogo tutaambiwa na mapafu.

"Hutaifungua, wala hutachomeka kitu chako humo," alisema.

"Mama..." alianza binti.

"Nyamaza kwanza. Baba, mimi pia ni fundi. Cherehani langu lilifunguliwa na fundi kama wewe, likarudi na bobini ya uzi ya mtu mwingine. Mpaka leo linaruka uzi. Hiki ni chuo cha mwanangu. Kikifunguliwa Jumatano, Ijumaa kitakuwa bado kiko skrubu skrubu kwenye kikombe."

Watu wa kwenye benchi wakacheka. Miwani hakucheka.

"Usinipe kazi mimi basi, mpe mwingine. Lakini nisikilize. Usiichaji. Usiibonyeze, usiikandamize, usiilaze kitandani. Iweke kwenye sakafu tupu, mbali na nguo."

"Tumekusikia."

Daktari alimtazama fundi, akamtazama mama yake. Hakutaka kubishana na mzazi wake mbele za watu. Hilo nalo liandikwe: adabu ya mtoto ilimfunga mdomo mahali alipopaswa kupiga kelele. Walipofika barabarani ndipo aliposema, kwa sauti ndogo, "Mama, alikuwa anatusaidia."

"Anajisaidia mwenyewe."

Nyumbani Daktari aliiweka kompyuta kwenye sakafu ya chumba cha ndani, kama alivyoambiwa. Akafunga viatu.

"Naenda kwa mwenzangu chuoni kuazima flashi, na ana skrini kama ile, atanipa waya wake. Nikirudi naitoa kazi yote, kisha naipeleka kwa yule fundi, nisamehe mama, lakini naipeleka. Usiichaji, tafadhali. Chaji iliyobaki inatosha."

"Nenda mwanangu. Nani anataka kuigusa?"

Wala hakutaka. Alikaa kwenye cherehani saa nzima hakuigusa. Lakini mama mwenye wasiwasi hajui kukaa. Aliwaza: chaji iliyobaki inatosha, je isipotosha? Mtoto atarudi ametembea juani kote huko, aikute imezimika? Alikwenda kuichungulia. Mdomo wake ulikuwa wazi zaidi kuliko jana, au yeye ndiye aliyeona hivyo. Akaona huruma, huruma kabisa, kama mtu anavyomwonea mgonjwa.

Kitu kilichovimba kipe uzito.

Aliiinua, akailaza juu ya meza ya pasi, penye blanketi la kupigia. Akachomeka chaja. Akaweka ubao. Halafu, kwa mikono miwili, polepole asije akaishtua, akaweka kile kichwa cha cherehani. Akasikia kitu kikilia ndani, mlio mdogo, kama kifungo kinachobonyea. Akafurahi. Imekaa, alisema moyoni. Atarudi aikute imenyooka.

Akatoka akaenda chumba cha mbele kwa jirani yake aliyekuja kupimwa gauni.

"Nyonya tumbo."

"Hili ndilo tumbo langu, Mama Marinda. Nikilinyonya nitavaa gauni la nani?"

"Basi liachie, tuone mwisho wake." Akazungusha sentimita kiunoni. Jirani akanusa hewa.

"Unachoma kitu?"

"Pasi sijaiwasha leo."

"Kuna harufu. Tamutamu. Kama rangi ya kucha."

Kutoka ndani ikasikika sauti ya mafuta yanayokaangwa. Mama Marinda alikuwa bado ameshika sentimita wakati Daktari alipoingia mlangoni, flashi mkononi, akitabasamu. Tabasamu lile Mama Marinda analiona mpaka leo. Binti akanusa mara moja tu. Akaelewa. Akapita kati yao mbio.

"Usiingie!" Mama alipiga kelele, lakini hata yeye hakujua kwa nini.

Chumba kilikuwa cheupe kwa moshi. Daktari alikisukuma kile chuma kikaanguka, akaondoa ubao, akaishika kompyuta kwa mkono wa kulia, kwa chini, tumboni, ili aitupe nje kupitia dirishani. Ikapasuka mkononi mwake. Moto ulitoka kwa pembeni, mwembamba na mrefu, ukipuliza kama mtu anayezima mshumaa, ila huu ulikuwa unawasha. Hakuiachia. Kama angeiachia pale pale pengine ngozi ingebaki. Miezi sita ilikuwa ndani, hakuiachia, mpaka mama yake alipomvuta kwa kiuno wakaanguka wote wawili mlangoni. Jirani, gauni la pini mwilini, ndiye aliyekimbia kuzima swichi kubwa ya umeme na kuwaita watu waliokuja na ndoo za mchanga. Blanketi, meza ya pasi na sketi kumi na moja za watoto wa watu viliungua.

Hospitali walimfunga mkono mpaka kiwiko. Kifua walikisikiliza siku mbili kwa sababu ya moshi ule, maana una sumu. Siku ya tatu, iliyokuwa Ijumaa, Daktari alifumbua macho akamkuta mama yake amekaa palepale.

"Mama. Nani aliichaji?"

Chumba kilikuwa na vitanda sita na watu wa kutazama wagonjwa. Mama Marinda angeweza kusema umeme ulizidi. Angeweza kusema sijui. Watu wengi wangemwamini, hata binti yake angetaka kuamini.

"Ni mimi. Niliichaji, na nikaiwekea cherehani juu."

Muuguzi alipita, akabadilisha dripu ya kitanda cha pili, akaondoka.

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Na fundi alikwambia."

"Aliniambia."

Daktari akageukia ukutani.

Mama Marinda alikipeleka kile kilichobaki kwa Miwani kwenye mfuko wa nailoni. Watu wa kwenye benchi walimpisha. Miwani alifungua skrubu zilizokuwa bado zinafunguka, akaangalia kwa miwani ya kwanza, akaangalia kwa ya pili. Sehemu inayotunza kazi ilikuwa ubavuni mwa betri kabisa. Ilikuwa imeyeyuka ikawa kitu kimoja na plastiki.

"Hapa hapana kitu, mama. Pole."

"Nisamehe, baba."

"Sina cha kukusamehe mimi. Lakini utakaokutana nao waambie. Kompyuta ikinesa mezani, isipofunga, pale pa kidole pakiwa pagumu, kioo kikianza mistari bila kuangushwa, wasihangaike na kioo. Waichomoe umeme, waizime, waiweke mbali na vitambaa, waite mtu. Na ikishaanza kutoa moshi, watoke. Hakuna kazi ya kuingilia moto."

Hakusema hata mara moja kwamba alikwishasema.

Vidole viwili vya Daktari, cha kati na cha pete, havikukunja tena vizuri. Kalamu ilimteleza. Chuo kilisoma barua ya hospitali, kikasema hatahitimu na wenzake, ila akileta ripoti kabla ya mwisho wa muhula unaofuata ataingia kundi la nyuma. Ripoti ipi sasa? Alikaa barazani siku nzima bila kuzungumza, na majirani hawakumwita tena Daktari, waliogopa.

Ilikuwa asubuhi, wiki ya tano. Mama Marinda alipata kazi ndogo, shati la mtoto. Alikwenda kwenye msumari wa dirishani, ambao moto haukuufikia, akachukua pateni ya kola. Alipoigeuza kuitandika kitambaani aliona mwandiko wa binti yake. *Nyumba ya 63. Ndoo 1. Mfuniko hakuna. Kata ina mpini.*

Akaweka mkasi chini.

Alizishusha zote. Miaka yake yote ya kola na mikono na mifuko, mikubwa na midogo, akazitandaza sakafuni, akazibandua taratibu kwa mvuke wa birika zile zilizogundishwa. Binti yake alisikia karatasi zinavyochakarika akaja kusimama mlangoni.

"Unafanya nini?"

"Njoo usome. Macho yangu hayaoni vizuri mwandiko wako."

"Umezikata, mama."

"Nimezikata. Lakini sikuzichoma."

Daktari akapiga magoti. Waliunganisha mpaka jua likapita dirishani. Nyumba arobaini na nne zilitoka nzima. Ishirini na tisa zilitoka na pengo. Zilizosalia zilikuwa zimekatwa vipande vidogo vya mifuko, zikatumika, zikatupwa.

Mama Marinda aliishia darasa la saba. Mwandiko wake ni wa herufi kubwa kubwa, kila moja imesimama peke yake kama watoto mstarini. Alinunua daftari la mistari, akakaa mezani, akalamba ncha ya kalamu kwa mazoea ya chaki.

"Tayari," alisema.

"Andika. Nyumba ya kumi na saba."

"Kumi... na saba."

"Watu sita. Ndoo mbili. Moja ina mfuniko, moja..."

Kalamu ilingoja.

"Moja nini?"

Binti alikuwa ameshika mkono wa shati, pateni ya saizi ya miaka kumi. Maneno yaliishia pale mkasi ulipozunguka kwapa.

"Hapa umekata."

Daktari alikitazama kile kipande kwa muda, akakiweka upande wa kulia pamoja na vingine vyenye pengo.

"Tia alama ya mkasi pembeni," alisema. "Zenye mkasi, na zile zilizopotea, tutazirudia kwa miguu. Mimi nitauliza. Wewe utaandika."

Mama akachora mkasi mdogo, matundu mawili na ncha mbili. Akafungua ukurasa mpya.